Jinsi ya Kuusaidia Udongo Ulioungua Uanze Tena Kunywa Maji

Moto wa msitu ukishazimwa, watu hushusha pumzi wakidhani kwamba baya limepita, ilhali udongo ulioachwa wazi mteremkoni bado haujakutana na mvua. Desemba 2017 moto uliopewa jina la Thomas uliunguza milima ya kusini mwa California nchini Marekani. Alfajiri ya Januari 9, 2018, kabla moto huo haujatangazwa kuwa umedhibitiwa wote, mvua kubwa ya muda mfupi iliporomosha tope na mawe hadi katika mji wa Montecito, na watu 23 wakapoteza maisha. Mvua hiyo ingekuta uoto mzima, sehemu kubwa ya maji yake ingenaswa na majani, ingepunguzwa kasi na masalia yaliyotanda chini, na ingezama udongoni kabla ya kupata nguvu ya kubeba jiwe.

Mwongozo huu unaeleza jinsi mimea inayoota upya inavyourudishia udongo uwezo wa kunywa maji, na yale unayoweza kufanya ili kuipa mimea hiyo nafasi na muda. Nasema nafasi na muda kwa makusudi. Hakuna jembe wala mashine inayoweza kuufungua udongo wa mlima mzima kama mizizi inavyoufungua, na anayeianza kazi hii akiamini kwamba yeye ndiye mganga mara nyingi huishia kuukanyaga udongo na kuuharibu zaidi.

Kwa nini udongo hukataa maji

Chini ya miti kwa kawaida pana tabaka la majani makavu, vijiti na masalia yanayooza, ambalo hupokea matone ya mvua, huyavunja nguvu na kuyaacha maji yashuke taratibu. Moto huliteketeza tabaka hilo. Majani na masalia hayo yana nta na utomvu mwingi, na yanapoungua hutoa mvuke ambao sehemu yake husukumwa chini na joto, kisha ukifika kwenye udongo wenye ubaridi huganda na kuwa utando mwembamba unaozizunguka chembe za udongo. Hapo huzaliwa tabaka linalokataa maji, ambalo huweza kuwa juu kabisa au sentimita chache chini ya uso. Tabaka hili hukataa maji zaidi pale joto la udongo linapofika nyuzi 175 hadi 200 hivi za Selsiasi, lakini joto likipanda mno, kuanzia nyuzi 280 hivi, nta yenyewe huanza kuungua na tabaka hutoweka. Ndiyo maana mahali palipoungua vibaya kuliko pengine pote uso unaweza kunywa maji vizuri, na ukifukua kidogo ukakuta udongo mkavu kama unga. Udongo wa kichanga huathirika zaidi kuliko mfinyanzi, kwa kuwa chembe zake ni kubwa na nta kidogo tu hutosha kuzifunika zote.

Habari ya nta ndiyo inayosimuliwa zaidi, na kwa maoni yangu hupewa uzito kupita kiasi, kwani hata mahali ambapo haipo udongo ulioungua hushindwa kunywa maji kwa sababu nyingine. Mboji, ambayo huzishikamanisha chembe za udongo kuwa mabonge madogo yenye nafasi katikati, huungua pia, na mabonge hayo husambaratika. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde, na likiupiga udongo mtupu hurusha chembe laini ambazo, zikichanganyika na majivu, huziba vitundu na kuacha ganda jembamba lenye kuteleza. Majivu yenyewe ni rafiki wa muda mfupi: yakiwa mengi na makavu hufyonza maji ya mvua ya kwanza, lakini yakishalowa na kushindiliwa huweza kugeuka kizibo.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana kwa hesabu rahisi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 20 kwenye hekta moja ni lita 200,000. Udongo ukikataa nusu yake, lita 100,000 zinabaki juu zikitafuta njia ya kuteremka, na hizo ni za hekta moja tu.

Pima kabla ya kugusa chochote

Usiingie katika eneo lililoungua kabla ya wahusika kuruhusu. Miti iliyoliwa na moto shinani huanguka hata siku isiyo na upepo, na visiki vilivyoungua hadi mizizini huacha mashimo yaliyofunikwa na majivu, mengine yakiwa bado na makaa siku nyingi baada ya moshi kutoweka. Vaa viatu imara, chukua fimbo ndefu na uigonge ardhi mbele yako kabla ya kila hatua.

Kazi ya kwanza ni kuyasoma majivu. Mahali penye majivu meusi, vijiti vilivyobabuka tu na majani ambayo bado yanatambulika, moto ulipita upesi, na ukifukua kina cha kidole utaikuta mizizi midogo iliyo hai, inayopinda bila kukatika. Hapo hakuna la kufanya ila kupaacha palivyo. Mahali penye majivu meupe au ya kijivu, udongo uliogeuka mwekundu na mizizi midogo inayovunjika kama mkaa unapoigusa, moto ulikaa muda mrefu. Zitie alama sehemu hizo kwenye ramani, na uzitangulize zile zilizo kwenye miteremko mikali iliyo juu ya nyumba, barabara au chanzo cha maji.

Baada ya hapo fanya jaribio la tone. Ondoa majivu kwa upole kwenye eneo la ukubwa wa sahani mpaka uuone udongo wenyewe, kisha dondosha matone kadhaa ya maji safi kutoka kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba, huku ukihesabu sekunde. Kwenye udongo wenye afya tone hupotea na kuacha doa la unyevu kabla hujafika tano. Kwenye udongo unaokataa maji tone husimama kama ushanga, limevaa vumbi la majivu pande zote, na ukilisukuma kwa unyasi hubingirika bila kuacha hata alama ya unyevu lilipopita. Tone likikaa zaidi ya sekunde 5, udongo umeanza kukataa maji. Likizidi dakika 1 tatizo ni kubwa, na likipita dakika 10 ni kali sana. Usiishie juu. Kwangua sentimita moja, jaribu tena, kisha endelea hivyo hadi sentimita 5 au zaidi, ili ujue tabaka linaanzia wapi na linaishia wapi. Jaribio hili hufanywa udongo ukiwa mkavu, kwa sababu udongo ukishalowa vya kutosha tabia ya kukataa maji hujificha, kisha hurudi unapokauka.

Jaribio la pili hupima kasi ya maji kuzama. Chukua kipande cha bomba au kopo lisilo na kitako, lenye kipenyo cha sentimita 15, liwekee ubao juu na uligonge liingie udongoni sentimita 7 hivi. Tandika plastiki nyembamba ndani yake, mimina mililita 440 za maji, ambazo kwa kipenyo hicho ni sawa na mvua ya milimita 25, kisha ivute plastiki taratibu na uanze kuhesabu dakika mpaka maji yaishe. Rudia papo hapo mara ya pili, kwani kipimo cha pili, kinachochukuliwa udongo ukiwa tayari umelowa, ndicho kinachofaa kulinganishwa. Fanya vivyo hivyo kwenye sehemu ya jirani ambayo haikuungua, yenye mteremko na udongo wa aina ileile, kwa sababu bila ulinganisho huo namba zako hazitakuambia kitu. Pigilia kigingi mahali ulipopima na uandike tarehe, maana utapahitaji tena.

Funika ardhi kabla mvua haijafika

Mimea huhitaji wiki au miezi kuifunika ardhi, na mvua haisubiri. Kwa hiyo katika sehemu zilizoungua vibaya matandazo hushika zamu ya majani yaliyoteketea: huyapokea matone, huzuia ganda lisijengeke na huutunzia udongo unyevu ambao mbegu zinauhitaji ili ziote. Majani makavu ya nafaka, nyasi kavu na vipande vya mbao vyote vinafaa. Lengo ni kufunika asilimia 60 hadi 70 ya ardhi, na kwa majani ya nafaka hiyo ni takriban tani 2 kwa hekta. Usirundike. Matandazo yakiwa mazito kupita sentimita 5 huinyima miche mwanga, nawe utakuwa umeizuia mimea ileile uliyokuja kuisaidia. Hakikisha hayana mbegu za magugu, na kwenye miteremko yenye upepo mkali chagua vipande vya mbao, kwa kuwa majani ya nafaka hupeperushwa na kujikusanya mabondeni.

Kabla hujaleta matandazo kutoka mbali, tazama juu. Misonobari iliyobabuka bila kuungua yote hudondosha sindano zake wiki chache baadaye, na sindano hizo hufunika ardhi bure, tena vizuri. Matawi ya miti iliyokufa, yakikatwa na kulazwa chini yakaishika ardhi vyema, nayo hufanya kazi hiyohiyo. Tawi linaloelea juu ya vijiti vyake halizuii kitu.

Wengi hupenda kulaza magogo kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaoukingama mteremko, ili yazuie maji. Yakilazwa sawasawa, kila gogo likiwa limezikwa kidogo kwenye mfereji wake na udongo ukashindiliwa upande wa juu, hupunguza kasi ya maji na kunasa tope. Yakilazwa juujuu, maji hupenya chini yake au huzunguka ncha zake, yakajikusanya mahali pamoja na kuchimba korongo ambalo lisingekuwapo. Binafsi ningemshauri mtu mwenye siku chache na watu wachache azitumie siku hizo kutandaza, na magogo ayaache kwa wenye uzoefu.

Tabaka linalokataa maji likiwa karibu na uso, unaweza kulivunja kwa reki au jembe dogo hadi kina cha sentimita 5 hivi, lakini fanya hivyo kwenye miteremko ya wastani tu, ukilima kwa kukingama na mteremko, na utandaze mara moja. Kwenye mteremko mkali udongo uliotifuliwa huwa ndio wa kwanza kuchukuliwa na mvua. Magari, matrekta na mifugo visiingie kabisa wakati udongo umelowa, na mifugo ni vyema izuiwe kwa misimu miwili ya ukuaji, kwa sababu kwato hushindilia udongo na midomo humaliza machipuko kabla mizizi haijapata nguvu.

Acha kinachoota kiote

Hapa ndipo kazi yenyewe inapofanyika, nayo haifanywi na wewe. Ardhi iliyoungua huonekana imekufa, lakini chini yake kuna akiba. Mimea mingi, ikiwemo jamii nyingi za mikaratusi na mialoni, huchipua kutoka kwenye visiki, mizizi au machipukizi yaliyojificha chini ya gome. Baadhi ya misonobari hufunga mbegu zake ndani ya koni zilizogandishwa kwa utomvu, na joto la moto likiuyeyusha utomvu huo koni hufunguka na mbegu humwagika juu ya majivu. Mbegu nyingine hulala udongoni kwa miaka mingi zikisubiri joto la kuyapasua maganda yake au moshi wa kuziamsha. Mwaka 2004 watafiti waliitambua kemikali iliyomo ndani ya moshi, kutoka kundi ambalo sasa huitwa karikini, inayozifanya mbegu za aina hiyo kuota. Maotea haya yana faida ambayo mche wa kitaluni hauna: yako mahali pake, na yale yanayochipua kutoka kisikini yana mizizi tayari.

Mchipuko wa kisiki ndio wa kuutunza kuliko yote. Jani lake linaweza kuwa dogo kama ukucha, lakini chini lina mtandao wa mizizi uliojengwa kwa miaka kabla ya moto, na ndiyo maana udongo wa kando yake hubaki umeshikwa wakati ule wa hatua chache pembeni unabebwa na maji. Ukiona visiki vimechipua, weka alama ili wafanyakazi wasivikanyage, na usivipunguzie machipuko mwaka wa kwanza. Tamaa ya kusafisha eneo ili lionekane limetunzwa imeharibu miteremko mingi.

Maji nayo hufuata mizizi. Mzizi unaokua huusukuma udongo pembeni na kutengeneza njia. Ukifa na kuoza huiacha njia hiyo wazi, na maji ya mvua huteremka ndani yake hadi chini ya tabaka lenye nta. Ndiyo sababu hata mizizi ya miti iliyokufa kwa moto si ya kung'olewa. Mizizi myembamba ya nyasi na mimea midogo hufanya kazi nyingine: hutoa utelezi wenye sukari unaowalisha bakteria na kuvu, na nyuzi za kuvu pamoja na gundi za viumbe hao huzifunga tena chembe za udongo kuwa mabonge. Viumbe haohao huila nta polepole, na wadudu na minyoo wanaofuata chakula hutoboa njia nyingine. Ng'oa kwa uangalifu shina moja la nyasi lililoota kwenye majivu miezi michache iliyopita, ulitikise kidogo, nawe utaona mizizi imevaa koti la udongo wenye punje punje kama makombo ya mkate. Ushike sasa udongo wa hatua moja kutoka hapo, pasipoota kitu; utapita vidoleni kama vumbi. Dondosha tone la maji kwenye kila mmoja ulinganishe.

Juu ya ardhi, majani mapya huyakinga matone na shina huyaongoza maji hadi kwenye mizizi, mahali ambapo udongo uko wazi zaidi kuyapokea. Jambo linalosahaulika ni kwamba mimea pia hunywa. Kati ya mvua moja na nyingine huyavuta maji kutoka udongoni na kuyatoa hewani kupitia majani, na kwa kufanya hivyo huviachia nafasi vitundu ambavyo vingekuwa bado vimejaa mvua inayofuata inapokuja.

Kupanda pale tu panapolazimu

Kumwaga mbegu za nyasi baada ya moto ni desturi ya zamani inayoonekana kuwa ya busara. Tatizo ni kwamba mvua zenye madhara makubwa mara nyingi ndizo za mwanzo, ambazo hufika mbegu zikiwa bado hazijaota au husomba mbegu zenyewe, na nyasi ngeni zikistawi huinyang'anya mimea ya asili maji na mwanga, kisha zikikauka huwa kuni za moto unaofuata. Panda pale ambapo msimu mzima wa ukuaji umepita bila maotea ya maana, au ambapo moto umeua miti yote ya mbegu kwa umbali mkubwa. Tumia mbegu za mimea ya eneo lilelile, uchanganye nyasi za mizizi mingi myembamba na vichaka vya mizizi inayozama, na uweke mikunde au jamii nyingine zenye kurutubisha udongo kwa naitrojeni, kwa sababu naitrojeni nyingi hupotea hewani wakati wa moto ingawa majivu huacha madini mengine. Panda kwa vikundi chini ya matandazo, na siyo kwa mistari inayoshuka na mteremko.

Kufuatilia

Rudi kwenye vigingi vyako baada ya mvua za kwanza, kisha kila mwisho wa msimu wa ukavu, na urudie majaribio yote mawili. Tabia ya kukataa maji kwa kawaida hudhoofika ndani ya mwaka mmoja au miwili, ingawa kwenye kichanga huweza kudumu zaidi. Kuirudisha mboji na mabonge ya udongo huchukua muda mrefu kuliko huo. Hesabu pia ni sehemu gani ya ardhi imefunikwa: tembea mstari wa hatua mia moja, na kila hatua uangalie ncha ya kiatu chako imegusa mmea, matandazo, jiwe au udongo mtupu. Udongo mtupu ukishuka chini ya hatua 40, hatari ya mmomonyoko imepungua sana. Ongeza matandazo pale tu ambapo namba hiyo haishuki, na ya zamani usiyaondoe.

Usiutumie mto kama kipimo. Maji ya mto huongezeka mara baada ya moto kwa sababu udongo unayakataa, na baadaye huweza kupungua kuliko yalivyokuwa kabla, kwa kuwa msitu mchanga hunywa kwa pupa. Katika vyanzo vya maji vya mji wa Melbourne nchini Australia, misitu ya mikaratusi mirefu iliyoota kwa mbegu baada ya moto wa mwaka 1939 ilitumia maji mengi kuliko misitu mikongwe kwa miongo kadhaa, na mtiririko ukapungua kwa muda huo. Anayeuona mto umepungua miaka michache baada ya moto, huku vigingi vyake vikionyesha kwamba maji yanazama upesi, asiikate miti michanga kwa kudhani kwamba kuna kilichoharibika.